Madigadi Mafupi Mekundu

Najuta kuchagua madigadi ya baiskeli kwa urembo tu. Fundi wa mtaa wa Kizwite alinionyesha marefu meusi: "Dogo, chukua haya, tope la huku si unalijua." Nikang'ang'ania mafupi mekundu, eti yaendane na baiskeli yangu ya mbio.

Jumapili mvua ilikuwa imenyesha, na zamu ya kusoma somo la kwanza kanisani ilikuwa yangu. Njiani kila niliyempita alicheka. Nikadhani wameyapenda madigadi. Mimi, ninayeona aibu hata kusalimia, nikazidi kuringa!

Nilipoinama mbele ya altare, kanisa zima likaguna. Mama, aliyeamka alfajiri kulipiga pasi shati langu jeupe, akatoka kwenye benchi, akanifunika mgongo uliojaa tope kwa kitenge chake.

"Soma, mwanangu," akaninong'oneza.