Juisi ya Meza ya Wazee

Mwaka ule wenzangu kazini Plymouth, huku ughaibuni, walipoanza kukimbia mkate ili wapungue, mimi nilikuwa nimeshajifundisha habari za wanga wa vyakula kwa vitabu vya maktaba, kwa ajili ya mama mdogo. Alikuwa na kisukari. Niliishi kwake, mtaa wa Frogtown, na nilimpimia ugali kwa kikombe mpaka akaniita mkwe kwa ukali wangu.

Alipomwandalia bintiye sendofu, ile sherehe ya kumuaga kabla ya harusi, niliomba nishughulikie vinywaji. Sikupata amani wiki mbili. Chupa za mvinyo haziandikwi sukari. Nilimsumbua muuzaji, nikaonja na kutema, nikarudisha katoni nzima kwa utamu niliouhisi kwenye ncha ya ulimi tu, hadi nikapata mvinyo mkavu kabisa. Meza ya wazee, ambako mama mdogo naye angekaa, sikuihangaikia. Ni watu wa kanisa, hawagusi kilevi. Niliwawekea juisi ya zabibu yenye gesi, inayofunguka kwa mlio kama shampeni. Kwangu mimi, kisicho na kilevi hakimdhuru mgonjwa. Chupa ilikuwa na maelezo yote mgongoni. Sikuigeuza.

Mshereheshaji alitaka glasi zinywewe mpaka chini: kwa wazazi, kwa wakwe, kwa kamati. Baada ya glasi ya tatu, mama mdogo alinivuta msalani, midomo imemkauka. Alijichoma kidole. Namba iliyotokea sikuwahi kuiona kwenye kipimo chake. Nikakimbilia jikoni, nikaisoma chupa nimesimama: glasi moja ilikuwa na sukari nyingi kuliko chupa nzima ya mvinyo mkavu.

Nilimrudia nikilia, nikisema nimemuua.

“Sijafa,” alisema. “Umepima mvinyo nisiokunywa. Haya, nani mwingine pale mezani ana sukari?”

Sikujua. Kwetu mtu mzima hautangazi ugonjwa huo. Nilimsihi tumwambie mshereheshaji kwamba juisi imekwisha, yasiulizwe mengi. Alikataa. Yeye angekaa palepale anywe maji mpaka aitwe kumkabidhi mwanawe. Mimi niende nikaseme.

Nikaenda. Niliinama mbele ya wazee nikasema kwa sauti ya chini kwamba juisi ile ni sukari tupu, kosa ni langu, sikusoma. Mmoja aliendelea kuisifia pilau. Kisha glasi nne zilisogezwa katikati ya meza, moja moja, wenyewe wakitazama kando. Nilizichukua zote, nikaenda kuzijaza maji.