Viazi Vilivyoingia Sebuleni

Nakumbuka Jumamosi moja ya umuganda, ile kazi yetu ya pamoja ya kila mwisho wa mwezi. Majirani walipanda nyasi kwenye mteremko wa kilima cha Rebero, juu ya nyumba yangu. Walipoondoka, nikazing'oa zote.

Mwanangu, nilikuwa nimerudi kutoka Tanzania na diploma ya ujenzi yenye mhuri mwekundu. Nyumba niliijenga mwenyewe. Kesho yake wakwe walikuwa wanakuja kuitazama kabla ya kunipa binti yao, nami nilitaka mteremko uwe laini kama kichwa kilichotoka kwa kinyozi.

Mukecuru Daforoza, bibi aliyelima viazi vitamu hapo juu, aliniona.

"Wewe iko na diploma," akasema. "Mvua haina diploma, iko na miguu tu. Hii majani ndiyo inashika miguu yake."

Nikamwambia atuachie ujenzi sisi tuliosoma. Mdharau mwiba, mguu huota tende.

Wakwe walifika baada ya misa. Nilikuwa ndiyo kwanza naeleza diploma yangu mvua ilipoanza. Matope yakaingia kwa mlango wa nyuma, yakifuatwa na viazi, kimoja kikatua kwenye kiatu cha baba mkwe. Nyuma ya viazi akaja Mukecuru na kikapu, akasalimia wageni mmoja mmoja, akaanza kuokota. Husemwa maji yakimwagika hayazoleki. Mimi niliyazoa, kwa ndoo, mbele ya wakwe.

Baba mkwe akauliza nani aling'oa nyasi. Nikakiri. Akasema, "Tutarudi zikishika."

Nilizipanda upya, Mukecuru akinifundisha. Jua huvuta maji ziwani na mabondeni. Upepo huyabeba hadi mlimani, yakashuka mvua. Mizizi hushika udongo, udongo huinywesha mizizi, na majani huirudishia hewa unyevu wake. Ukimfukuza mmoja, wenzake huja kumtafuta sebuleni kwako.

Nyasi zilishika baada ya masika mawili. Ndipo nikapewa mama yako. Leo nyasi zangu ndizo nzuri kuliko zote Rebero, na yeyote anayebisha aje aone.

Kwa hiyo, mwanangu, soma, upate hata diploma mbili. Lakini kabla ya kung'oa kitu, uliza kwanza kimeshika nini. Mungu akupe mvua ya kiasi, udongo usiohama, na jirani mwenye kikapu.