Barabara ya Suji Imechongwa

Mume wangu ana gari la michezo, liko chini na gumu, na kila shimo lilikuwa linamrusha mtoto wetu ambaye shingo bado haijakaza. Nilimwambia naogopa, akanijibu, "Gari likilegea si gari tena."

Basi aliposafiri nikamweleza mama mkwe, nikamwachia mtoto, nikalipeleka gereji hapa Same. "Kaka, legeza hizo shokapu, mwanangu ataumia." Fundi akazilegeza, akabonyeza boneti, ikanesa.

Jumapili, mume amesharudi, tulipanda milimani Suji pamoja na mama mkwe, mtoto amelala mpaka juu.

"Kumbe barabara wameichonga," mume akasema. "Diwani huyu tumrudishe."

Mama mkwe akanifinya goti, akanong'ona, "Nyamaza hivyo hivyo."

Gazeti hili mume husoma kurasa za mpira tu. Nimewaambia ninyi, mwingine simwambii.