Tambara Chini ya Usukani

Nichekeni tu. Hata miye ningejicheka, kama ningekuwa nyinyi.

Mimi ni fundi magari hapa Kalundu. Komanda wa wapiganaji walioshika mji aliniletea gari dogo jekundu la mbio, ambalo Mbelgiji mmoja aliliacha akikimbia vita. "Fundi, lirudishe kama lilivyotoka kiwandani. Kisicho cha kiwanda, ondoa."

Nilinyoosha bati, nikapiga rangi. Chini ya usukani nikakuta tambara jeusi linalonuka, limefungwa kwa kamba. Nikamcheka fundi aliyenitangulia: mjinga gani anafunga tambara ili bati lisipige kelele! Nikakaza skrubu. Tambara nikawashia mbabula, jiko langu la makaa, nikainjika maharage.

Komanda akafika na watu wake. Nikawasha injini kwa madaha.

"Sikia, Komanda, kelele hakuna."

Akapapasa chini ya usukani. Akapapasa tena.

"Dawa yangu ya kuzuia risasi iko wapi?"

Macho yangu yakakimbilia mbabula, na ya wapiganaji wote yakafuata. Maharage yalikuwa yanachemka.

Komanda akafungua mlango wa pili.

"Panda. Vita iko Luberizi. Dawa yangu sasa ni weye."