Meza ya Kola Haikuwa Kimya

Kwa miaka kumi na tisa Mama Kola alishona kola za mashati kiwandani, na siri ya meza yao ya wanawake wanane aliijua tangu wiki ya kwanza: kuongea bila kuchezesha midomo. Msimamizi alikuwa amepiga marufuku maneno, eti yanapunguza idadi ya mashati. Basi wanawake wale wanane wakajifunza kupiga soga vichwa vimeinama, nyuso kavu, cherehani zikinguruma, vicheko vikiishia tumboni.

Mwongozaji wa filamu aliyekuja kuwarekodi hakuyajua hayo. Alisimama na kamera yake mlangoni siku tatu, akaondoka ameridhika. Alipowaita waje kuona filamu kabla haijakamilika, Mama Kola alikwenda na binti yake, marashi kajipulizia na kila kitu.

Lo! Dakika kumi nzima za uso wake, kimya, na fidla ikilia kama kuna msiba. Chini yake maneno: soko huria limewapokonya sauti.

Binti akainamisha kichwa. "Mama, kila atakayeona hii atakuonea huruma."

Neno hilo lilimchoma. Kunyonywa alikujua kuliko profesa yeyote, lakini kuhurumiwa kama yatima, hapana. Akasimama.

"Mwanangu," alimwambia mwongozaji, "hapo nilikuwa nawasimulia wenzangu jinsi msimamizi alivyojishona kidole akituonyesha kushona haraka. Hatukuwa na mbavu kwa kucheka! Rudi, uweke kinasa sauti chini ya meza."

"Lakini mama, nyuso zenu..."

"Nyuso tunamwachia msimamizi. Maneno ni yetu."

Akarudi kweli. Siku ya uzinduzi ukumbi ulifurika. Uso ule ule ukatokea, mkavu vile vile, ila sasa zikasikika sauti: umbea, mizaha, na katikati yake mpango kamili wa kudai mapumziko ya pili, nani aseme nini, nani asimame mlangoni. Watu walicheka, kisha wakatulia tuli kusikiliza. Mapumziko yenyewe walikuwa wameshayapata mwezi uliopita, na msimamizi, aliyekaa mstari wa nyuma, ndiyo kwanza anajua yalipopikwa.

Ukumbi mzima ukasimama kupiga makofi. Binti akamshika mkono mgeni aliyekaa kando yake, akapaza sauti: "Yule ni mama yangu!"

"Punguza sauti," akasema Mama Kola bila kuchezesha midomo, "msimamizi yuko nyuma yetu."

Kisha akaangua kicheko, mdomo wazi, meno yote nje.