Meli Yetu Iligoma Kuzama

Siku meli yetu ilipotakiwa kuzama, mimi na bosi wangu wa zamani tulikuwa sebuleni kwangu Kitengela, tukila githeri na kutazama simu. Nilikuwa fundi wa injini katika ile meli ya kivita kwa miaka kumi na tisa, naye ndiye aliyekuwa mkubwa wa chumba cha injini. Sasa anafuga ng'ombe wa maziwa Matasia. Alikuja amevaa suti kama mtu anayekwenda mazishini, nami sikumcheka. Meli ilikuwa imestaafu kama sisi, na jeshi la majini liliamua kuivuta hadi kwenye maji ya kina, iwe shabaha ya mazoezi. Ingepigwa mizinga mpaka iende chini.

Binti yangu alikuwa huko. Aliingia jeshi hilo hilo, akapangwa kitengo cha baruti, jambo ambalo mama yake hajanisamehe mpaka leo. Hawakuwa mbali sana na nchi kavu, simu zilishika, na kila alipopata nafasi alinitumia ujumbe.

"Imepigwa mara ya kwanza."

"Imepigwa tena."

Kila ujumbe uliniuma, na nilijishangaa. Ile meli ilinitesa. Iliniunguza mkono, ilinitapisha, na kwa sababu yake sikuwepo siku huyo binti alipozaliwa. Hata hivyo nilitamani kumtukana kila aliyekuwa akiipiga.

Saa nane na nusu mchana ukaja mwingine: "Baba, meli yenu imegoma. Mbele imejaa maji lakini nyuma iko juu kabisa. Ni saa nzima sasa."

Bosi aliruka akasimama na sahani mkononi. "Si nilikuambia! Hiyo ilikuwa chuma, sio hizi mikebe za siku hizi!" Kwenye kundi letu la WhatsApp, nilikoupeleka ujumbe huo, mpishi wetu wa zamani, ambaye sasa hununua mbuzi soko la Kajiado, alituma sauti yake akitusalimu kwa Kimaasai na kucheka huku mbuzi wakilia nyuma yake. "Supa, wazee! Mama amekataa kuzama!" Nilicheka mpaka nikatokwa na machozi.

Kisha binti yangu tena: "Tunaenda kuipanda. Tutaweka baruti hapo nyuma ndio iende. Niko kwa boti ya kwanza."

Bosi aliacha kucheka kabla yangu. Akaketi. "Waliniambia milango yote ya chini iliachwa wazi, maji yatembee, izame haraka," alisema. "Sasa maji imesimamishwa na nini?"

Mimi nilijua.

Wiki mbili kabla ya hapo tulialikwa kwenda gatini kuiaga. Wenzangu walibaki juu wakipiga picha. Mimi niliteremka peke yangu hadi chumba cha injini, nikapita hadi vyumba vya nyuma, nikigusagusa mabomba kama mjinga. Huyu bosi alitulea kwa amri moja: hupiti mlango wa chuma bila kuufunga nyuma yako. Aliyesahau alisugua sakafu wiki nzima. Baada ya miaka michache mkono hufunga wenyewe. Wakaguzi walioacha milango wazi walikuwa wameshamaliza kazi yao asubuhi ile, nami nilipokuwa nikitoka, nikafunga. Nilikaza makomeo yote sita, akili yangu ikiwa kwingine kabisa.

"Ni mimi," nikasema. "Nilifunga ule wa chumba cha injini."

Bosi alinikodolea macho. Kulikuwa na jambo la pili ambalo sisi wawili tu tulilijua. Ukuta wa chuma ulioshika mlango huo ulikuwa umeliwa na kutu kwa miaka. Kila ukaguzi ulipokaribia tuliupaka rangi, na bosi ndiye aliyeamuru. Sasa ukuta huo ndio uliokuwa umezuia maji yote ya mbele. Ukipasuka, meli ingezama kwa dakika moja, na yeyote aliyesimama nyuma angevutwa nayo.

Nilimpigia binti yangu. Hapatikani. Nikapiga tena, hapatikani. Afisa aliyesimamia zoezi alikuwa kuruta wetu zamani, na bosi alikuwa na nambari yake. Alitoa simu, lakini akaifumbata.

"Ukimwambia juu ya mlango, atauliza ukuta iko na shida gani," alisema polepole. "Tutaaibika, na umri huu."

Sikuwa nimewahi kumpandishia sauti maishani.

"Mtoto wangu yuko kwa hiyo boti! Leta simu!"

Nilimpokonya. Mke wangu alitoka jikoni mbio. Afisa aliposhika nilimwambia yote bila hata salamu. "Afande, wasipande! Mlango wa injini umefungwa, ni mimi nilifunga. Na ukuta wake umeoza. Tulikuwa tunaupaka rangi tu." Nilimsikia akimfokea mtu, kisha simu ikakatika.

Tulingoja. Mke wangu alikuwa amesikia kila neno. Alikaa kwenye kiti, hakulia, hakunitazama. Bosi alivua koti. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa baharini, maana huko angalau nilikuwa na la kufanya kwa mikono.

Simu ililia. Upepo ulivuma, kisha sauti ya binti yangu.

"Baba, tumegeuza tukiwa tumebakisha kama urefu wa basi mbili. Kamba ilikuwa kwa mkono yangu, nilikuwa naruka wa kwanza. Ikaenda, Baba. Niliangalia chini kidogo, kuinua macho hakuna kitu."

"Uko mzima?"

"Niko mzima."

Mama yake alininyang'anya simu, akaisikiliza sauti ile, akanirudishia. 

"Nimeambiwa niandike ripoti," binti yangu akaendelea. "Nani alifunga, na nani alificha hiyo kutu."

Bosi alitazama sakafu.

"Andika," nikamwambia.

"Lakini wewe ni baba yangu."

"Andika, mama."

Nilimsikia akiomba kalamu. Kisha, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia nyumbani kwangu, akaniuliza jina langu kamili. Nikamtajia majina yote matatu, halafu nikampa bosi simu.