Jiko la Nyuma

Nilipomuuliza nini kitengenezwe, fundi alisimama uani kwa mama, akanusa, akatikisa kichwa. "Mwalimu, rangi utapaka, vigae utaweka, lakini hiyo jiko ya nyuma ikibaki, hii nyumba hakuna mtu atanunua. Harufu ya samaki imeingia mpaka kwa ukuta."

Nilikuwa nimechoka. Kila Ijumaa nikimaliza kusahihisha madaftari nilitoka Migori, kila Jumapili nikarudi, na katikati yake nilikuwa hapo Homa Bay nikibishana na mafundi. Mama alikuwa ameanguka bafuni mara mbili. Alikubali kuhamia kwangu, ila kwa sharti moja: haondoki mpaka nyumba ipate mwenyewe. Nyumba haiachwi tupu, alisema, na mama akishasema hivyo huwezi kumsogeza. Kwa hiyo kila wiki iliyopita bila mnunuzi ilikuwa wiki nyingine ya mama kuwa peke yake na bafu lile.

Boma la ukoo haliuzwi, hilo halina mjadala. Hii ya mjini mama aliijenga mwenyewe, kwa kukaanga samaki wa ziwani, ngege na vipande vya mbuta, kwenye banda la mabati huko nyuma, juu ya majiko mawili ya udongo. Watoto wanne tulisomeshwa na banda lile.

Nikakaa na kalamu nikiamua nini kitengenezwe. Dari iliyovuja, ndiyo. Tangi la maji, ndiyo, maana maji ya bomba hapo huja yakijisikia. Geti lilihitaji rangi tu. Vigae vya sebuleni havikuhitajika, lakini nikaviweka, kwa sababu tu kwangu Migori vipo. Na banda nikasema libomolewe. Nilijiambia ni kwa ajili ya wanunuzi. Uongo. Nilikuwa nakumbuka sare yangu ya shule ikinuka mafuta ya samaki, na msichana wa dawati langu akisogea pembeni. Miaka yote hiyo, na bado niliona haya.

Mama aliketi mlangoni kwenye kiti cha plastiki, akitazama mabati yakishushwa.

"Harufu gani?" aliuliza mara moja tu.

Nikamwambia asijali. Hakusema tena, nami nikahesabu kwamba amekubali.

Wa kwanza kuja kuiona nyumba alikuwa karani na mkewe. Walipima mahali pa sofa, wakasifu vigae, wakapotea. Baada ya majuma matatu akaja mwanamke wa makamo kutoka Sori, mchuuzi wa samaki aliyetaka kuhamishia biashara yake mjini. Alipita juu ya vigae vyangu bila kuvitazama, akaenda moja kwa moja uani, akasimama penye lile doa jeusi lililobaki ardhini.

"Nimeambiwa hapa kulikuwa na jiko. Iko wapi?"

"Tulitoa," nikasema. "Ili pawe pasafi."

"Mlitoa? Na si hiyo ndiyo imenileta!"

Nilitamani ardhi inimeze. Nikaanza kumweleza habari za tangi. Nyuma yangu nikasikia fimbo ya mama ikigonga sakafu. Alikuja polepole, akanipita, akasimama kando ya yule mwanamke.

"Mchana upepo wa ziwa unaingia na hapa," akamwambia. "Mdomo wa jiko uangalie kule. Ukikosea, moshi yote itakurudia kwa macho."

Akaanza kumchorea kwa fimbo: hapa jiko kubwa, hapa kuni, hapa wateja wasimame wasikanyage mafuta. Yule mwanamke alimfuata hatua kwa hatua akimwita mama, akimuuliza kuni anunue wapi na siku gani samaki hutoka sana. Tangu aanguke sikuwa nimemsikia mama akizungumza kiasi kile. Mimi nilibaki ukutani. Hakuna aliyeniuliza kitu.

Nyumba aliichukua. Siku ya kuhama nilikuwa nakunja nguo za mama, yeye ameketi kitandani, na nikashindwa kujizuia.

"Mama, kwa nini hukunikataza siku ile?"

Alivuta leso yake mabegani, akatazama dirisha la uani.

"Nyathina, mwanangu," akasema, "ulimuuliza fundi. Mimi hukuniuliza."